Beleshi Moja kwa Watu Wawili

Dushanbe, 2 Februari 1989

Kaka Qimatsho,

Telegramu yako ninayo mkononi siku ya tatu: "Imomdod amefia kwenye kipito cha mlima. Barabara imefungwa. Usije." Ndege haziruki kwa ajili ya mawingu, lori halipandi kwa ajili ya theluji, mwanamume niliyekuwa nifunge naye ndoa mwezi wa nane amezikwa bila mimi, nawe unaniambia nisije, kana kwamba nilikuwa na njia ya kuja nikaikataa.

Sihitaji pole. Hapa bwenini nimepewa pole za kutosha, pamoja na sukari. Ninachotaka ni kujua amekufaje. Imomdod alizaliwa kwenye theluji. Baba yake alifagia barabara hiyohiyo ya Safedkhok miaka thelathini akafia kitandani. Mtu wa namna hiyo hafi kwa dhoruba tu, kaka. Mtu wa namna hiyo hufa pale mtu mwingine, aliyeketi penye joto, anapokosea. Nani aliwapandisha juu siku ile? Nani alilitazama anga akasema nendeni?

Wewe ulikuwa naye, na ni wewe pekee uliyetoka hai. Niandikie yote, wala usinipunguzie kwa huruma. Huu ni mwaka wangu wa nne wa sheria; nimezoea kusoma jinsi watu walivyokufa.

Dada yako,
Zarofat


Khavgul, 11 Februari 1989

Mdogo wangu Zarofat,

Usicheke mwandiko, vidole vina bandeji. Mama anakusalimu. Hali chakula vizuri, lakini anakusalimu.

Umeuliza, nakujibu. Tarehe 26 tulipanda na lori la mchanga, mimi na Imomdod. Mzee Shirinbek, msimamizi wetu wa kituo cha barabara, alisema tumwage mchanga kwenye kona tatu za juu turudi kabla ya adhuhuri. Dhoruba ikatukuta kona ya pili. Injini ikafa. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuliwa na jiwe tangu Desemba, tumekiziba kwa turubai, upepo ukaling'oa. Kukaa mle ndani kulikuwa kukaa kwenye birika la barafu.

Imomdod akasema, "Shemeji, shuka tujenge nyumba. Dada yako kila barua anauliza nyumba iko wapi. Leo anaipata, tena ya chumba kimoja na jiko nje."

Chini ya barabara palikuwa na rundo lililopigwa na upepo, gumu kiasi cha kukatika matofali. Tukaingilia upande usio na upepo. Mlango unakuwa chini kabisa, wa kutambaa. Ukishaingia unachimba kwenda juu, unaacha jukwaa la kulalia lililo juu kuliko mlango, maana baridi hutuama chini kama maji. Dari unaliviringa, unalipapasa kwa mgongo wa beleshi mpaka liwe laini, lisije likawatonea. Mwisho unatoboa tundu la pumzi kwa mpini. Saa tatu zilitutoka. Mmoja anachimba, mwingine analala chali anasukuma theluji nje kwa miguu. "Sukuma, mzee wa kanzu!" ananiambia. "Hata punda wa mama yangu anapiga mateke kuliko wewe!"

Beleshi lilikuwa moja. Kituo kilitupa moja. Tulipokuwa tunamalizia tundu, mpini ukavunjika.

Tukalala. Tulipoamka mlango umefukiwa, tundu limeziba. Tulichimba kwa bakuli la chai na kwa mikono. Yeye alitangulia. Hewa ikawa nzito. Akasema, "Zamu yako, shemeji," akajinyoosha. Nilipotoboa nje nikageuka kumwita, hakuitika.

Ndiyo hayo. Taa ya maombolezo tuliiwasha siku ya tatu, kaka zake wote walikuwapo. Usiulize zaidi.

Qimatsho


Dushanbe, 24 Februari 1989

Kaka yangu,

Barua yako niliisoma mara moja kwa machozi na mara ya pili kwa kalamu. Kalamu imeshinda.

Usiku? Hapana, mchana kweupe, mbele ya ukumbi mkubwa, nilibandika gazeti la ukutani kwa mkono wangu: "Beleshi Moja kwa Watu Wawili." Wanafunzi walisongamana hadi ngazini. Siku ya nne gazeti la vijana la mjini likachapa makala nzima, pamoja na jina langu. Nakunukulia, ujue nilivyomsemea marehemu:

"Wanatuuliza ni nani aliyemuua Imomdod. Wanatutaka tujibu: theluji. Lakini theluji haina cheo, haina ofisi, haina muhuri. Theluji haikugawa vifaa asubuhi ile. Aliyegawa ni nyapara, na nyapara aliyepima roho mbili akaziona zinatoshewa na beleshi moja hawezi kujificha nyuma ya mawingu. Tena tujihadhari: kesho watatuletea mashahidi kutoka kituoni, wenye watoto, wenye njaa, na watasema yale nyapara anayotaka yasemwe. Mfanyakazi aliyetishwa akigeuza kauli, kauli yake ya kwanza ndiyo ya kweli."

Mwendesha mashtaka wa mkoa amefungua faili. Nyapara Shirinbek amesimamishwa kazi. Kesi itasikilizwa tarehe 17 Aprili. Na wewe, kaka, ndiwe shahidi mkuu. Simama wima. Sema ulivyoniandikia mimi, si zaidi.

Kwa mara ya kwanza tangu Januari nimelala usingizi.

Zarofat


Khavgul, 6 Machi 1989

Mdogo wangu,

Gazeti limefika. Mwalimu alilisoma kwa sauti kwenye nyumba ya chai. Umeandika vizuri. Umeandika vizuri mno, ndiyo taabu yenyewe.

Mzee Shirinbek ameambiwa aondoke kwenye nyumba ya kituo. Nilimsaidia kubeba magodoro. Mke wake, Bibi Savsan, alinipa tu kamba nifunge. Mzee mwenyewe ananiuliza, "Vidole vinapona?" Nikasema vinapona. "Vipake mafuta ya kondoo, si hiyo dawa ya duka."

Zarofat, huwezi kulipunguza jambo hili? Mtu amekufa, tumemzika, mama yake ameanza kutoka nje. Waandikie hao wa gazeti kwamba yatosha. Ajali ni ajali.

Mama anakutumia unga wa matunda ya forosadi kwa mkono wa rubani. Changanya na maji ya moto, usiule mkavu kama ulivyokuwa ukifanya.

Qimatsho


Dushanbe, 14 Machi 1989

Kaka,

"Ajali ni ajali"! Nimeisoma sentensi hiyo nikatafuta mwandiko wa nani mwingine umeingia kwenye karatasi yako. Amekutisha? Amekuahidi nini? Au umeanza kumwonea huruma kwa sababu umembebea magodoro? Imomdod nani alimbebea godoro?

Nakujua, kaka. Tangu utoto wewe ni mtu wa kupisha. Baba alipodhulumiwa malisho ulisema yatosha. Walipokunyima zamu ya kiangazi ulisema yatosha. Nchi nzima imejengwa juu ya migongo ya watu wanaosema yatosha! Mimi sisemi hivyo. Niliahidiwa maisha na mtu mmoja, na mtu huyo ameletwa kwao juu ya mlango wa lori. Nikilipunguza jambo hili nitabaki na nini?

Wenzangu mia mbili wametia saini. Usiniaibishe mbele yao, wala mbele yake.

Zarofat


Khavgul, 19 Machi 1989

Binti Zarofat,

Hunijui isipokuwa kwa cheo ulichonipa gazetini. Mimi ni Shirinbek. Baba yako na mimi tulikuwa jeshini pamoja, lakini hilo si hoja, nalifuta.

Sikuandikii nijitetee. Nimeshajitetea kwa mpelelezi, naye ameniambia kwamba mabeleshi niliyonayo stoo hayathibitishi kitu, kwa kuwa kituo chetu hakina daftari la mabeleshi; mtu huchukua anachohitaji na kurudisha. Ni kweli. Hatukujua kwamba siku moja tungehitaji daftari.

Vijana wote waliopita mikononi mwangu nimewafundisha mambo yaleyale ya pango la theluji: mlango chini, kitanda juu, tundu lisizibe, beleshi lilale nanyi ndani. Hilo la mwisho nimelirudia mpaka wakanitania kwa ajili yake. Imomdod alikuwa akiigiza sauti yangu.

Mimi ndiye niliyewafikia kwanza siku ile. Nilichokiona pale nje nimekiona. Nimenyamaza kwa sababu si mimi niliyefiwa na mchumba, na si mimi ninayepaswa kukuambia.

Wewe umesomea kuuliza. Muulize kaka yako ni mabeleshi mangapi yaliyopanda na lori lile.

Shirinbek


Dushanbe, 27 Machi 1989

Qimatsho,

Mabeleshi mangapi?

Z.


Khavgul, 4 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Mawili.

Nimeandika neno hilo nikaondoka nikaenda kulisha mbuzi, nimerudi. Sasa sikiliza yote, ukasirike mwishoni.

Hakuna mpini uliovunjika. Kila mtu alikuwa na beleshi lake, la chuma kizuri. Tulipomaliza pango Imomdod aliingia kwanza, akapokea beleshi lake kutoka kwangu, akanyoosha mkono apokee na langu. Anamwigiza Mzee: "Beleshi lilale nanyi, watoto, kama bibi harusi!" Nikamwambia, "Toa hilo nje." Akasema, "Mzee atatuchinja." Nikamwambia, "Wewe umeposa. Utalalaje na beleshi chini ya paa moja?"

Unajua mwenyewe desturi yetu. Aliyeposa halali paa moja na chombo kinachochimba kaburi, mpaka arobaini ya harusi ipite. Mama amenilea hivyo, na wewe amekulea hivyo.

Akacheka. "Shemeji, hili ni paa? Hili ni shimo la panya!"

"Lina dari, lina mlango, tunalala ndani. Ni paa."

"Na huyo mwanasheria wako akijua tuliogopa chuma atanivunjia uchumba."

Hapo nikakasirika. Nilimwambia neno zito. Nilisema, "Huyo ni dada yangu. Mume wake sitamlaza na chombo cha makaburini. Kama humheshimu, rudi kalale kwenye lori." Akanitazama, kisha akatambaa akayatoa yote mawili mwenyewe, akayachomeka nje kushoto kwa mlango. Aliporudi alisema, "Haya. Kwa ajili yake." Hakuwa na hasira. Dakika tano baadaye ananitania tena.

Hatua mbili kutoka mlangoni, Zarofat. Tulipofukiwa yalikuwa hatua mbili tu. Tungekuwa na hata moja ndani tungetoka tukiwa tunapiga miayo. Kwa bakuli la chai ilichukua muda ambao yeye hakuwa nao.

Mzee aliyakuta yamefunikwa, akayachomoa, akanitazama. Akayatia kwenye gari lake. Nilidhani ananificha, nikajificha. Halafu ikaja barua yako, inauliza nani alikosea, na sikuweza kukuambia ni mimi, na kwamba nilikosea kwa ajili yako. Nikaandika beleshi moja. Nilidhani utalia tu, kama watu wanavyolia. Sikujua utaandika gazetini.

Sasa niambie nifanye nini.

Qimatsho


Dushanbe, 10 Aprili 1989

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa maneno makubwa na nimeyachana yote.

Ningependa kukulaani kwa desturi hiyo. Siwezi. Agosti iliyopita, siku ya posa, kabla Imomdod hajaingia, nililitoa beleshi la mama ukumbini nikalificha nyuma ya zizi. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimetoka kuhutubia wenzangu juu ya ujinga wa vijijini wiki moja kabla, na sikuamini hata chembe ya jambo lile. Nililitoa hata hivyo.

Jana nilikwenda kwa mhariri. Nilimwomba achape masahihisho. Alisema, "Dada, hili si lako tena, ni la watu." Wenzangu wa kamati walisema ukweli mdogo usiue ukweli mkubwa. Ni mimi niliyewafundisha kusema hivyo, Februari, juu ya kiti, kwa sauti yangu mwenyewe. Nimewaomba waondoe saini zao. Wameondoa kumi na moja tu. Maelezo yangu nimeyapeleka mahakamani kwa posta ya anga, lakini ndege imesimama tena kwa mawingu na sijui kama yatawahi.

Umeuliza ufanye nini. Mzee huyo anaweza kufungwa kwa kosa ambalo maisha yake yote alikuwa akilizuia. Nenda tarehe 17. Sema mawili. Sema desturi. Litaje jina langu, sema ni kwa ajili yangu. Mama Imomdod atakuwa ameketi pale, atasikia. Hata hivyo sema.

Nitakuwa uwanja wa ndege kila asubuhi.

Zarofat


Khavgul, 21 Aprili 1989

Mdogo wangu Zarofat,

Naona hukupata ndege. Hata bahasha ya maelezo yako haikufika mahakamani.

Nilisema. Nilisimama nikasema mawili, nikaeleza kila kitu, mpaka mahali yalipochomekwa. Hakimu alisikiliza. Kisha akafungua gazeti lako akanisomea ile sehemu ya mfanyakazi aliyetishwa anayegeuza kauli. Akaniuliza, "Wewe na mshtakiwa mnaishi kijiji kimoja?" Nikasema ndiyo. "Ulimsaidia kuhama nyumba?" Nikasema ndiyo. Watu ukumbini wakaguna. Nyuma walikuwako vijana kutoka wilayani wameshika karatasi iliyoandikwa jina la Imomdod. Mmoja akanizomea, "Amekununua kwa kondoo wangapi?"

Mzee alipopewa nafasi alisema, "Kijana anasema kweli, na sina la kuongeza." Hakimu akasema bila shaka huna.

Miaka miwili. Wamemchukua palepale, amevaa viatu vya ndani kwa sababu aliambiwa atarudi nyumbani mchana.

Mimi nimeachiwa. Nilikuwa tayari kwa lolote, wakaniachia, kwa kuwa hawakuniamini.

Lakini mama Imomdod aliniamini. Alinisubiri nje. Akaniuliza tu, "Alisema 'kwa ajili yake'?" Nikasema ndiyo, mama. Akaenda zake. Tangu siku hiyo akiniona njiani anapitia mtoni.

Qimatsho


Dushanbe, 2 Mei 1989

Mheshimiwa Mzee Shirinbek,

Shikamoo, ingawa sijui kama nina haki ya kukuamkia.

Nimekata rufaa kwa jina langu. Kaka yangu ametia saini maelezo mapya mbele ya mthibitishaji. Mahakama ya juu imejibu kwamba maombi yatapangiwa zamu, na zamu ni ya vuli. Nimeacha kamati. Hili silisemi kama adhabu, maana hakuna aliyeniadhibu. Wananisalimu vizuri, na baadhi yao bado wananipa mkono kwa ajili ya makala ile.

Nilikuita nyapara mbele ya maelfu ya watu. Niliandika kwamba ulipima roho. Sikukujua, na sikujisumbua kukujua, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumchukia na ulikuwa na cheo kinachofaa. Siombi msamaha kwa barua. Barua ni rahisi kwangu.

Nimeambiwa hapo gerezani wageni huruhusiwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Nikubalie nije. Ukikataa kutoka, nitaketi nje mpaka muda uishe, na mwezi utakaofuata nitakuja tena.

Zarofat, binti wa Odinasho


13 Mei 1989

Binti Zarofat,

Barua yako nimesomewa. Miwani yangu ilibaki nyumbani.

Jumapili usije. Tukitazamana kwenye benchi utapata nafuu wewe, na mimi nitarudi ndani nikiwa nimechoka.

Barabara imefunguliwa. Savsan ana shamba la shayiri juu ya kijiji cha Khavgul, mbegu ziko kwenye gunia la kijivu, na mgongo wake hauinami tena. Ikifika tarehe 25 tutakuwa tumechelewa. Nenda ukapande. Hatakukaribisha chai, na huna haja ya kumweleza neno, alikuwapo mahakamani.

Panda kina cha vidole viwili, si zaidi. Udongo wa pale ni mzito.

Shirinbek